Usikaze Kabla Hujasikiliza: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mikanda ya Pikipiki

Safari hii nimeweka pamoja barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma, pamoja na kelele zake. Wasomaji wetu wengi wamezoea mnyororo, kwa hiyo barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu; ndani yake mna karibu kila kosa linalofanyika gereji mkanda unapoanza kulia.

SWALI: Assalaam aleykum, Bwana Fundi. Ninaishi Muscat na nina Harley-Davidson Sportster 883 ya mwaka 2001 niliyoinunua kwa mtu. Ilianza kulia upande wa nyuma kila ninapoondoka taratibu kwenye taa za barabarani. Mlio mwembamba, wa kukatikakatika, kama wa kinda la ndege, na nikishika mwendo hausikiki tena. Niliipeleka gereji, fundi akaukaza mkanda. Mlio ulipungua kwa siku chache, kisha ukarudi, na sasa umeongezeka mvumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Je, mkanda umekwisha? Na je, niupake mafuta au grisi wakati natafuta mwingine? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Usiupake mkanda huo mafuta ya aina yoyote, wala grisi, wala dawa ya kunyunyizia minyororo. Mnyororo ni chuma kinachosuguana na chuma, na bila mafuta haudumu. Mkanda wa meno ni mpira au poliyurethani iliyofunika nyuzi ngumu zisizovutika, nao umekusudiwa kufanya kazi ukiwa mkavu. Mafuta yakichanganyika na vumbi na mchanga wa huko kwenu yanakuwa uji wa kusagia, unaotuama kwenye mabonde ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mkanda mbele na nyuma, na kula sproketi na mkanda kwa pamoja. Kama aliyekutangulia alishaupaka kitu, usafishe kwa brashi laini, sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha uusuuze na kuuacha ukauke. Petroli na mafuta ya taa viweke mbali nao.

Jambo la pili, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, ni kwamba pikipiki yako ina kelele mbili. Ule mlio mwembamba wa mwanzo una chanzo chake, na mvumo ulioingia baada ya mkanda kukazwa una chanzo kingine. Kwa namna ulivyoeleza, ninaamini kelele ya pili imeletwa na dawa iliyotumika kwa ya kwanza. Fundi aliyezoea minyororo hufikiri hivi: kuna kelele, basi kuna kulegea, basi nikaze. Kwa mnyororo mara nyingi atakuwa sawa, maana pini na bushi zake hulika na mnyororo mzima ukarefuka. Nyuzi za mkanda hazirefuki kwa namna hiyo. Mkanda mpya hutulia kidogo katika kilomita zake za mwanzo, kisha hubaki na urefu ule ule kwa maelfu ya kilomita. Kwa hiyo mkanda wa zamani ukionekana umelegea, la kujiuliza kwanza ni kitu gani kimesogea au kimelika: ekseli, boliti za kurekebishia, au meno ya sproketi.

Kukaza kupita kiasi kuna madhara ambayo hayaonekani pikipiki ikiwa imeegeshwa. Sproketi ya mbele haiko mahali pale pale ambapo mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo, umefungwa kwenye fremu, kwa hiyo shokamzoba zinapobonyea, umbali kati ya sproketi mbili huongezeka na mkanda hujikaza wenyewe. Uliokazwa kikamilifu pikipiki ikiwa tupu hauna tena nafasi unapopanda wewe na abiria wako na kuruka tuta. Mzigo wote huo hubebwa na beringi za gurudumu la nyuma na beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi. Mvumo unaopanda na mwendo ndiyo sauti ya beringi zilizoelemewa au mkanda uliovutwa mno, na beringi ya giaboksi ikiharibika utatamani shida yako ingekuwa mkanda tu. Ninakusihi usiende safari ndefu mpaka umeupima.

Kabla ya kugusa spana, sikiliza. Inua gurudumu la nyuma kwa stendi imara, zima injini, weka gia huru, kisha lizungushe gurudumu kwa mkono. Usijaribu kamwe kufanya hivi injini ikiwa inawaka na gia imeingia, na hata unapozungusha kwa mkono, vidole visikaribie mahali mkanda unapoingia kwenye sproketi, kwa maana pale kidole hukatika. Chukua chaki, weka alama moja kwenye tairi na nyingine kwenye mgongo wa mkanda. Kelele ikirudi kila tairi linapokamilisha mzunguko mmoja, tafuta kwenye gurudumu: sproketi ya nyuma iliyopinda au yenye jino bovu, beringi, au diski ya breki. Ikirudi kila alama ya mkanda inapopita, ambapo gurudumu huwa limezunguka takriban mara mbili, basi kuna mahali fulani mkanda wenyewe umeumia, pengine kijiwe kimekwama katikati ya meno. Ikiwa inasikika mara nyingi na kwa haraka zaidi, igeukie sproketi ya mbele.

Kwa ule mlio wa kinda kuna jaribio lisilogharimu kitu. Jaza maji matupu kwenye chupa ya kunyunyizia, lowanisha mkanda upande wa meno na kingo zake, kisha isukume pikipiki taratibu. Mlio ukikatika papo hapo, unatoka kwenye msuguano wa mkanda na sproketi, na kwa kawaida ni ukingo wa mkanda unaojisugua kwenye ukuta wa sproketi. Ukiendelea bila kubadilika, mkanda hauna hatia. Angalia breki na beringi. Breki ijaribu ukiwa kwenye mwendo mdogo barabara ikiwa wazi: gusa kanyagio kidogo tu, na kelele ikibadilika au ikinyamaza, pedi zimebeba mchanga au pini zake zimekauka. Ule mvumo nao ujaribu kwa kubana klachi pikipiki ikiwa inaserereka. Ukishuka pamoja na mzunguko wa injini, unatoka mbele ya klachi. Ukibaki ukifuata mwendo wa gurudumu, uko upande wa nyuma au kwenye shafti inayotoka giaboksi.

Naweka dau langu kwenye ukingo wa mkanda, kwa sababu mlio wa mwendo mdogo unaopungua baada ya kukaza na kurudi baada ya siku chache ni tabia ya gurudumu lisilonyooka. Tazama ukingo wa mkanda kwa tochi: ukiwa na mstari unaong'aa upande mmoja, na ukuta wa sproketi umesuguliwa upande huo huo, umeshapata jibu. Fundi aliyekaza huenda alizungusha boliti za kurekebishia kwa kukadiria, na upande mmoja ukatangulia. Tafuta waya mgumu, upinde ncha yake, na uuvishe kipete cha mpira kinachoweza kusogezwa. Ncha iweke katikati ya egemeo la mkono wa nyuma, sogeza kipete mpaka kifike katikati ya ekseli, kisha hamia upande wa pili bila kukigusa. Pande zote mbili zikilingana, gurudumu limenyooka. Alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma usizitegemee sana kwenye pikipiki ya umri huu.

Sasa upimaji wa mkazo wenyewe. Kiasi kinachotumika kwa mikanda hii ni nguvu ya kilo 4.5 katikati ya upande wa chini wa mkanda, kisha unapima kwa rula mkanda umesogea milimita ngapi. Milimita hizo hutofautiana kwa mwaka na kwa aina, na vilevile kutegemea pikipiki inapimwa ikiwa imebeba mtu au la, kwa hiyo tafuta kitabu cha matengenezo cha mwaka 2001 chenyewe. Usikubali namba ya mtu mwenye Sportster ya 2004 kuendelea, kwa sababu fremu zilibadilika mwaka huo. Kama huna kifaa maalumu cha kupimia, mizani ya springi yenye ndoano, ya aina ile wanayopimia samaki, inatosha kabisa: zungusha utepe wa kitambaa kwenye mkanda, tia ndoano, vuta kuelekea chini mpaka mshale ufike kilo 4.5, na mwenzako asome rula. Pima asubuhi mapema kabla ya jua kuwaka na kabla pikipiki haijatembea, kwa maana chuma kikipata joto hutanuka na mkanda huonekana umekaza kuliko ulivyo. Pima mahali panne au zaidi kwa kuzungusha gurudumu kidogo kidogo, na urekebishe pale mkanda unapokaza zaidi. Ukirekebisha pale ulipolegea, sehemu iliyokaza itapita kiwango kila unapozunguka.

Unapolegeza mkanda uliokazwa mno, kumbuka kwamba gurudumu halirudi mbele lenyewe. Legeza nati ya ekseli, rudisha boliti za kurekebishia kwa kiasi kilekile kila upande, tuseme upande mmoja wa nati ya pande sita kwa wakati mmoja, kisha lisukume tairi mbele mpaka ekseli ikae. Kaza nati ya ekseli kwa spana ya kupimia mkazo, halafu upime tena, kwa sababu kule kukaza kwa mwisho hubadilisha kipimo. Mafundi wengi huishia kabla ya hatua hii na kazi yote ikaharibika. Rudisha pini au klipu inayozuia nati isifunguke, na iwe mpya.

Umeuliza kama mkanda umekwisha. Utazame ukiwa safi na mkavu, jino kwa jino. Nyufa nyembamba sana za juu juu kwenye meno, au nyuzi chache zilizochakaa ukingoni, hazikulazimishi kuubadilisha leo, ila uzikague kila mara. Nyufa zinazoingia kwenye mzizi wa jino, jino lililong'oka, au meno yaliyolika na kuwa na umbo la ndoano, hizo zinamaanisha mkanda umekwisha. Tundu la jiwe likiwa katikati unaweza kuendelea kulichunguza. Likiwa ukingoni, badilisha, kwa sababu nyuzi zilizokatwa ukingoni ndipo mkanda unapoanzia kupasuka. Mkanda mpya usiukunje, usiupindue nje ndani, wala usiufunge kwa kamba kwenye begi. Nyuzi za ndani zikishavunjika hutaona chochote kwa nje mpaka siku utakapokatikia barabarani.

Nakuomba usinunue mkanda kabla ya kuikagua sproketi ya nyuma. Nyingi za zamani ni aluminiamu iliyopakwa kromu, na kromu ikishatoka, aluminiamu laini hulika haraka, huku kingo za kromu iliyobaki zikiukata mkanda mpya. Chukua ncha kali ya kisu, ipitishe chini ya bonde la meno kwa nguvu ya wastani. Ikiteleza bila kuacha alama, kromu ipo. Ikizama na kuacha mkwaruzo unaouona, unakwangua aluminiamu tupu, na sproketi hiyo ibadilishwe pamoja na mkanda. Aina hii ya pikipiki ilipoanza kuacha mnyororo mwaka 1991, na kufikia 1993 Sportster zote zikawa za mkanda, faida kubwa ilikuwa ukimya na usafi. Faida hiyo ipo bado kwenye pikipiki yako ya 2001, mradi gurudumu linyooke na mkanda upewe nafasi yake ya kupumua.

Mwisho kabisa, ukishalegeza na kunyoosha, shika tairi juu na chini ulitikise huku gurudumu likiwa limeinuliwa. Likicheza, au likikwaruza unapolizungusha, beringi zimeshaumia kwa ule mkazo na zibadilishwe zote za gurudumu hilo. Likizunguka laini na mvumo ukatoweka barabarani, umeuwahi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina skuta ya zamani ya Kichina ya cc 150, ya gia otomatiki. Asubuhi ninapoondoka inapiga ukelele mkali na kutetemeka, kisha ikichanganya inatulia. Nimeambiwa mkanda umelegea ukazwe, lakini sioni mahali pa kukazia. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Huoni kwa sababu hapapo. Mkanda wa skuta uko ndani ya kifuniko kirefu cha upande wa kushoto, una umbo la herufi V, na mkazo wake hutoka kwenye springi kubwa ya puli ya nyuma. Aliyekuambia ukazwe anafikiria mkanda wa mashine ya kusaga.

Ukelele wenye mtetemo, unaotokea wakati wa kuondoka tu, mara nyingi hautoki kwenye mkanda kabisa. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni klachi ya nyuma: viatu vyake vimeng'aa, au kengele inayovizunguka imepata madoa ya bluu ya joto, kwa hiyo badala ya kushika mara moja vinateleza na kulia. Fungua kifuniko injini ikiwa imezimwa na imepoa. Vumbi jeusi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa gereji, kwa maana viatu vya klachi vya zamani vinaweza kuwa na asbestosi. Lifute kwa kitambaa kibichi. Vipitishe viatu na sehemu ya ndani ya kengele kwenye msasa mpaka mng'ao utoke, na kama kengele imetengeneza mfereji, ibadilishe.

Kisha angalia mkanda. Mgongoni mwake kuna namba; kwenye injini nyingi za aina hii ni 743-20-30 au 842-20-30, yaani urefu kwa milimita, upana kwa milimita, na pembe ya umbo la V kwa digrii. Soma namba ya ulio nao, usinunue kwa kukisia. Upana upime kwa kalipa: mpya ni mm 20, na uliopungua mm 2 mimi nisingeurudisha, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Mkanda mwembamba huzama kwenye puli, na dalili yake ni skuta kukosa mwendo wa juu iliokuwa nao. Ukikuta mafuta kwenye mkanda, tafuta kwanza sili inayovuja, ya kreni (shafti kuu ya injini) au ya giaboksi ya nyuma, kwa sababu mkanda mpya utalowa vilevile baada ya wiki.

Wakati wa kurudisha kuna hila moja ambayo imeshagharimu watu kreni nzima. Zitenganishe kwa nguvu sahani mbili za puli ya nyuma na uuzamishe mkanda katikati yake, ili upande wa mbele ulegee. Usipofanya hivyo, mkanda hubanwa kati ya sahani za puli ya mbele. Nati utaisikia imekaza, kumbe inabana mpira. Skuta ikitembea kidogo mkanda huhama, nati hulegea, na meno ya ncha ya kreni husagika yote. Baada ya kukaza, hakikisha sahani ya nje imekaa kabisa kwenye bushi yake, kisha zungusha kwa mkono mpaka mkanda upande mahali pake.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda. Nimesikia mkanda hauna kelele na haupakwi mafuta. Naweza kubadilisha mnyororo wa pikipiki yangu ya cc 150 niweke mkanda? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, sikushauri. Mkanda hauna kiungo cha kufungulia, kwa hiyo kwenye pikipiki nyingi haupiti bila kufungua mkono wa nyuma. Ni mpana kuliko mnyororo na utagusa fremu au tairi. Na kwenye njia za mawe na tope unazopita na mizigo, jiwe moja likiingia kati ya mkanda na sproketi linatosha kuumaliza, nawe ukiwa mbali na duka lolote lenye mwingine. Mnyororo wako ukikatika, kiungo cha akiba kinakurudisha nyumbani.

Kama unachotaka ni kupunguza kelele, anza na mnyororo ulio nao. Uoshe kwa mafuta ya taa na brashi, uukaushe, upake mafuta upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Uache ucheze juu na chini kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa nyingi za aina hiyo ni kati ya mm 20 na 30. Pima mahali kadhaa, na urekebishe pale unapokaza zaidi. Ukikuta sehemu moja umekaza sana na nyingine unaning'inia, umelika vibaya. Nunua mnyororo na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu sproketi ya zamani itaula mnyororo mpya kabla hujarudisha gharama yake.